"Ile ya siku tatu": kwa nini si kila kikohozi ni cha azithromaisini

Jumatatu moja asubuhi alikuja kliniki bibi kutoka Sindeni, mjukuu wa miaka miwili mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla sijamuuliza mtoto anaumwa nini akafungua mfuko wake wa rambo na kunipangia mezani: chupa ya amoksilini iliyobaki nusu, chupa ya dawa ya kikohozi, na vidonge viwili vya ALU vilivyosalia kwenye ugonjwa mwingine wa nyuma.

"Mwanangu, hizi zote zimeshindwa," akasema. "Mtoto anakohoa siku ya sita leo. Naomba uniandikie ile ya siku tatu."

Alikuwa anamaanisha azithromaisini. Wengine huiita Azuma, kwa jina la mojawapo ya zile zinazouzwa madukani, na wengine husema tu "vidonge vitatu". Ukipita barabara ya Korogwe hadi Handeni na kuuliza dawa kali ya kifua, ya UTI au ya koo, utatajiwa hiyo kabla hujamaliza swali. Sikumwandikia. Nilimvua mtoto fulana, nikasubiri atulie kwenye mapaja ya bibi yake, nikatazama kifua huku nikiangalia saa kwa dakika nzima. Alipumua mara 34. Kifua hakikuwa kinabonyea ndani, alikuwa anakunywa uji, na kipimo cha malaria kilionyesha hana. Pua ilikuwa inachuruzika. Yale yalikuwa mafua ya virusi yaliyoshuka kwenye koo.

Bibi hakuridhika, na simlaumu. Ametoka mbali, ametumia nauli, halafu daktari anamwambia ampe mtoto maji, uji na muda. Akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike safu ya wiki hii: "Mbona huko Dodoma serikali inawagawia watu dawa hiyo hiyo bure, hata wasioumwa, na wewe unaninyima mimi mwenye mgonjwa?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na madaktari wenzangu. Nitalijibu, lakini kwanza tuijue dawa yenyewe.

Azithromaisini ni ya ukoo wa dawa uitwao makrolaidi. Mkubwa wao ni erithromaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa Ufilipino na kuanza kutumika mwaka 1952. Azithromaisini ni mdogo wao, ilitengenezwa Zagreb mwaka 1980. Klarithromaisini nayo ni ndugu yao, wengi wenu mmekutana nayo kwenye dozi ya vidonda vya tumbo. Zote zinafanya kazi kwa namna moja: zinaingia ndani ya bakteria na kukibana kile kiwanda chake kidogo cha kutengeneza protini, bakteria akashindwa kukua. Virusi hawana kiwanda hicho, wanaazima cha mwili wako. Ndiyo maana mafua hayasikii azithromaisini hata ukimpa mtoto chupa tatu.

Sababu ya watu kuipenda naielewa. Erithromaisini ilikuwa ikinywewa mara nne kwa siku na kuchafua tumbo vibaya. Azithromaisini unakunywa mara moja kwa siku, siku tatu, basi. Mama mwenye watoto wanne na shamba la mahindi hawezi kukosa kuipenda dawa ya namna hiyo. Inawezekana kwa sababu dawa hii haitoki mwilini haraka. Inajificha ndani ya nyama za mwili na kutoka kidogo kidogo. Inachukua karibu siku tatu kupungua nusu, kisha siku tatu nyingine kwa nusu ya iliyobaki. Wewe umemaliza kidonge cha mwisho Jumatano, lakini dawa inaendelea kuwepo wiki mbili na zaidi, ikizidi kuwa nyepesi kila siku.

Hapo kwenye wepesi ndipo penye shida. Dawa ikiwa nyingi inawashinda bakteria. Ikiwa kidogo mno inawaua wale dhaifu tu, na wale wenye ujanja wa kuikwepa wanabaki na nafasi yote ya kuzaliana puani, kooni na tumboni mwa mtoto. Mtoto mwenye mafua hakufaidika na chochote, lakini sasa amebeba bakteria sugu na kuwaambukiza wenzake anaolala nao kitanda kimoja. Tena usugu huu unagusa ukoo mzima: bakteria aliyejifunza kuikwepa azithromaisini mara nyingi anaikwepa pia erithromaisini na klarithromaisini.

Mtu ataniambia, daktari, umejuaje kuwa ya huyu mtoto ni virusi na si bakteria? Kwa mtoto mmoja mmoja, kwa kumpima na kumtazama. Kwa watoto wengi, tuna utafiti uliofanyika hapa hapa nchini. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima damu, mkojo, makamasi, na picha za kifua kwa waliohitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na katika hayo ni asilimia 5 tu yaliyoonekana kuwa nimonia kwenye picha. Kwa ujumla, watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22, na malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja kati ya kumi hivi.

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Kipimo cha haraka kilipokuja na kutuonyesha kuwa mtoto hana malaria, tukaanza kuogopa kumrudisha mikono mitupu, tukampa antibiotiki. Nasema "tuka" kwa makusudi. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, mimi mwenyewe niliandika azithromaisini kwa wagonjwa wa kikohozi mpaka kalamu ikachoka. Dunia nzima ilifanya hivyo. Februari 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,700 waliolazwa: waliopewa azithromaisini walikufa kwa kiwango kile kile na wasiopewa. Mwezi uliofuata, utafiti mwingine wa huko huko ukaonyesha kwamba hata wagonjwa waliokuwa nyumbani haikuwaharakishia kupona. Lakini mtaani sifa ya dawa ilikuwa imeshajengwa, na vyeti vyetu vilisaidia kuijenga. Anayekuja leo kuomba "ile ya siku tatu" anaomba kitu tulichomfundisha sisi.

Sasa swali la bibi.

Dawa inayogawiwa bure Dodoma, hasa wilaya kama Kongwa, ni kwa ajili ya trakoma, ule ugonjwa wa macho unaokunja kope mpaka nywele za kope zikwaruze mboni na mtu apofuke. Trakoma inasababishwa na bakteria aitwaye klamidia, ambaye azithromaisini inamuua vizuri. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza ugawaji huo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wote wa kijiji wanapewa kwa sababu bakteria anazunguka kutoka jicho la mtoto mmoja kwenda la mwingine kwa mikono, nguo na nzi. Ukimtibu mmoja peke yake, kesho anaambukizwa upya. Ni dozi moja, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na kipimo cha trakoma kikishuka wilayani ugawaji unasimamishwa. Pale kuna bakteria anayejulikana na kuna siku ya kuacha. Kikohozi cha mjukuu wake hakikuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Nikamwambia pia upande wa pili, kwa sababu sipendi kumficha mgonjwa. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Kongwa waliona kuwa mwezi mmoja baada ya ugawaji, bakteria wa tumboni waliokuwa sugu kwa azithromaisini waliongezeka sana. Baada ya hapo walipungua taratibu, lakini hata miezi sita baadaye hawakuwa wamerudi walikoanzia. Yaani hata ikitumika kwa sababu nzuri, dawa hii ina gharama. Tunakubali kuilipa gharama hiyo kuokoa macho. Kwa mafua tunailipa bure.

Kuna jambo jingine ambalo baadhi yenu mmelisikia redioni: kwamba azithromaisini inapunguza vifo vya watoto hata wasioumwa. Ni kweli, ila isikilizwe mpaka mwisho. Utafiti uitwao MORDOR ulifanyika Niger, Malawi na hapa kwetu Kilosa, mkoa wa Morogoro, kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano, dozi moja kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kwa nchi zote tatu pamoja, vifo vilipungua kwa asilimia 13.5. Ukizitenganisha, Niger vilipungua kwa asilimia 18.1, lakini Kilosa kwa asilimia 3.4 tu, tofauti ndogo inayoweza kuwa bahati tu. Watoto wa Niger walikuwa wanakufa kwa wingi zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo dawa ilikuwa na wengi wa kuwaokoa.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mwaka 2020, halikusema watoto wote wapewe. Lilisema jambo hilo lifikiriwe kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11 pekee, mahali ambapo zaidi ya watoto 80 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanakufa kabla ya miaka mitano, au zaidi ya 60 kabla ya mwaka mmoja. Takwimu zetu za kitaifa za mwaka 2022 zinasema 43 na 33. Hatuko huko, tushukuru. Na utafiti mwingine uliohusisha nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulijaribu kuwapa azithromaisini watoto wadogo wanaoharisha bila damu lakini waliopungukiwa maji au wenye utapiamlo. Haikupunguza vifo.

Tunajua pia dawa hii inaweza kupotea, maana imeshapotea kwenye ugonjwa mwingine. Mkoani Mbeya, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha wagonjwa 328 wa kaswende, dozi moja ya azithromaisini ya kunywa iliponya sawasawa na sindano ya penisilini. Tulifurahi sana, nani anapenda ile sindano? Lakini karibu miaka hiyo hiyo San Francisco na Dublin walikuwa wanaona kaswende isiyoisikia azithromaisini kabisa, na usugu huo umeenea nchi nyingi tangu hapo. Leo tumerudi kwenye sindano ya penisilini, na kwa mjamzito ndiyo pekee tunayoiamini kumfikia mtoto tumboni.

Wiki ile ile ya bibi wa Sindeni tulimpokea mtoto wa wiki tano. Huyu hakuwa na homa kubwa. Alikohoa mfululizo, kifo kwa kifo, bila nafasi ya kuvuta hewa, uso ukageuka bluu, kisha akatapika na kulegea. Kaka yake wa miaka saba alikuwa na kikohozi cha muda mrefu nyumbani. Hicho ni kifaduro. Chanjo yake imo ndani ya ile ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo mtoto wa wiki tano bado hana kinga yake mwenyewe. Na dawa ya kifaduro ni azithromaisini, siku tano. Amoksilini haifai hapo. Erithromaisini tunaiogopa kwa vichanga kwa sababu inaweza kusababisha njia ya kutolea chakula tumboni kukaza. Kwa mtoto yule sikuwa na dawa nyingine nzuri kama hiyo. Aliwekwa oksijeni, akapewa dozi, na watu wote wa nyumba yake wakapewa pia ili mlolongo ukatike. Aliendelea kukohoa kwa wiki kadhaa, maana dawa inaua bakteria lakini haifuti sumu iliyokwisha kuumiza koo. Lakini aliishi.

Azithromaisini inawahusu pia wagonjwa wa kipindupindu wasiofaa dawa nyingine, nimonia za aina fulani kwa watoto wa shule na watu wazima, na wenye mzio wa kweli wa penisilini. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika nchi kadhaa, Kenya na Kongo zikiwemo, ulionyesha kuwa dozi moja wakati wa uchungu wa kuzaa inapunguza kwa theluthi moja hatari ya mama kupata maambukizi makali ya damu au kufa. Mama anayejifungua usiku zahanati ya mbali anaihitaji dawa hii ikiwa bado inafanya kazi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumia kwanza, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza. Makrolaidi zote ziko kundi la uangalifu. Septemba 2024 viongozi wa nchi walikutana Umoja wa Mataifa, New York, wakakubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Asilimia hiyo haihesabiwi New York. Inahesabiwa kwenye kaunta ya duka la dawa na kwenye cheti changu mimi. Tanzania ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, tangu 2017, na wa pili unaanzia 2023 hadi 2028. Makaratasi tunayo.

Sitaki kuwatupia mzigo wauza dawa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yameleta dawa halali vijijini ambako kabla ya hapo watu walinunua vidonge vya rangi mbili kwenye genge. Lakini muuzaji anayemkatalia mteja anajua mteja atavuka barabara. Na sisi wenye koti jeupe si bora sana: katika vituo vya Mbeya na Morogoro, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta asilimia 70 ya watoto waliofika kwa huduma ya kawaida waliandikiwa antibiotiki. Vituo ambavyo wahudumu walipewa programu ya kwenye tableti ya kuwaongoza hatua kwa hatua, kiwango kilishuka hadi asilimia 23, na watoto hawakuumia zaidi. Bibi wa Sindeni hana tatizo la ukaidi. Anahitaji mtu wa kumpima mjukuu wake kwa dakika nzima.

Kupumua unaweza kuhesabu hata wewe mzazi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili ya saa au simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40 au zaidi. Ikiwa imefika hapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni nimonia, na dawa yake ya kwanza ni amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, asubuhi na jioni, kwa kawaida siku tano. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akigeuka bluu, usihesabu chochote, ondoka hata kama ni usiku. Na kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu.

Ukiandikiwa azithromaisini, uliza: ni ya bakteria gani? Mhudumu mzuri hatachukia. Mwambie kama una ugonjwa wa moyo, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuvuruga mapigo, na mwambie kama unatumia ALU, maana nayo ina tahadhari hiyo hiyo na kuzichanganya si jambo la kujiamulia. Klarithromaisini na erithromaisini zinagombana na dawa kadhaa za kifafa na za kupunguza mafuta kwenye damu. Dawa ya unga ya mtoto ichanganywe na maji yaliyochemshwa na kupoa, na kwa shida ya maji tuliyonayo Handeni nalisema hili nikijua uzito wake. Pima kwa kijiko au bomba lililomo ndani ya boksi. Ikibaki, isihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake.

Nilimwambia bibi arudi Ijumaa, au mapema zaidi akiona dalili yoyote kati ya zile nilizomwonyesha. Alirudi. Mjukuu alikuwa bado ana kikohozi kidogo, lakini alishuka mgongoni mwenyewe na kukimbilia mizani. Bibi akatoa tena ile nusu chupa ya amoksilini, akaniuliza aifanye nini. Nikamwambia aniachie.